Tona Haidanganyi

Neno "tona" lilianzia kwenye duka la Fundi Fotokopi, na Fundi mwenyewe hajawahi kumdanganya mtu hata siku moja. Hivyo ndivyo alivyomwambia mwanafunzi wa chuo aliyekuja Jumanne asubuhi na daftari, akikusanya maneno ya mtaani.

"Andika," Fundi alisema, mkono wa kulia mfukoni, wa kushoto ukibonyeza mashine. "Mimi sitii chumvi."

Maana mwanafunzi alikuwa nayo tayari, kila mtu anayo. Mtu akikuuzia maji ya bahati, au akikuambia nyota yako imekaa vibaya na yeye ndiye mwenye ngazi, unamwambia, "Toka hapa na tona yako." Asili ya neno ndiyo aliyoikosa.

Duka linatazamana na ofisi ya ardhi, kwa hiyo foleni haikatiki. Miaka miwili nyuma tona, ule unga mweusi wa mashine, ilianza kuvuja. Mwingine angeisafisha. Fundi alibandika tangazo: WEKA KIGANJA KWENYE KIOO, USOMEWE MAISHA. Doa kwenye kidole gumba, una safari. Doa katikati, kuna jirani anakuonea kijicho. Doa likikosekana, rudi kesho. Mteja akisitasita, Fundi alimwambia, "Tona haidanganyi," na mteja aliondoka ametulia kama aliyeandikiwa dawa.

Ndipo akaja Shangazi yake, aliyemlea tangu hajaota meno. Alileta hati inayosema kwamba nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe ameshamuuzia shemeji yake. Chini kulikuwa na sahihi ya Shangazi. Shangazi hakuwa ameweka sahihi popote. Alitaka kopi moja tu, akalalamike ng'ambo ya barabara.

Kopi ilitoka na maneno yote, na juu ya sahihi palikuwa na mkono wa kulia umeshika kalamu, unamalizia herufi ya mwisho. Kucha ya kidole gumba ilikuwa imepasuka katikati.

"Umetoka safi," alisema dereva aliyekuwa nyuma kwenye foleni. "Mpaka vinyweleo."

"Kopi za hivi zinakula wino," mwingine akaonya.

Fundi akairudia. Mkono ukatoka tena, safari hii na saa, ile ile Fundi aliyozawadiwa na shemeji wa Shangazi mwezi uliotangulia.

"Tona hiyo, Shangazi," Fundi akasema. "Uchafu tu. Usiutilie maanani."

Dereva alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe! Kiganja changu mimi ni nyota, chako wewe ni uchafu?"

Kufikia jioni neno lilikuwa limeshafika kituo cha mabasi, na maana yake ya leo.

Sehemu hiyo Fundi hakumsimulia mwanafunzi. Alimwambia kwamba mgeni mmoja mkorofi aliikashifu mashine, watu wakacheka, basi.

Ofisini, karani aliupokea mkono bila tabu, akaupima kwa rula. Alikubali kwamba unaonekana. Ila haukuwa na muhuri, na mwenye mkono hakuambatanisha kitambulisho. Tena kopi iwe ya wiki hii hii. Tangu hapo Shangazi huja kila Jumanne kutoka chumba alichopanga nyuma ya gereji. Nyumba shemeji ameshaipaka rangi ya kijani.

"Kisa chote ndicho hicho," Fundi alimaliza.

"Mwanangu," sauti ikatoka kwenye foleni, "mwombe akuonyeshe mkono."

Alikuwa Shangazi, wa tatu, bahasha kwapani. Fundi akainua mkono wa kushoto.

"Wa kulia, baba," Shangazi akasema kwa upole, kama anayemkumbusha kunawa.

Mkono wa kulia ulibaki mfukoni. Foleni ikasogea.

"Ngapi leo, Shangazi?"

"Moja. Kama kawaida."

Mashine ikatoa hati, na mkono wake. Mwanafunzi akainama, akaukagua kidole kwa kidole.

"Pole kwa kucha, kaka."

"Ahsante. Ilibanwa na mfuniko," Fundi akasema.

Mwanafunzi akafuta nusu ukurasa. Shangazi akaikunja kopi, akavuka barabara. Karani aliutazama mkono, akauliza kama kitambulisho chake kimepatikana.