Kadi ya Wapanda Farasi

Baba amekuwa akiandika kamusi ya Kiebrania kwa miaka ishirini na miwili. Kadi zake zimejaa masanduku ya viatu chini ya kitanda. Kila neno lina kadi yake, na kila mahali lilipotumika katika maandiko pana mstari wake. Mimi nasoma kwa sauti, Baba anafikiri, kisha anaweka alama ya vema. Ukibaki mstari mmoja bila alama, neno haliingii.

Kadi ya parash, wapanda farasi, ilikaa miaka tisa ikidai mstari mmoja.

Mingine haikutusumbua. Wapanda farasi wa Farao wanazama baharini. Kwingine wanatajwa na magari ya vita kama chanda na pete. Mama alikuwa akitucheka. "Farasi wote hao, na mwenye nyumba hajapanda hata punda."

Uliobaki ni ule ambapo nabii anawaonya watu wanaotaka mfalme: atawachukua wana wenu, awafanye wapanda farasi wake. Tuliufikia wiki ileile kaka yangu, tuliyemwita Twiga kwa urefu wake, alipochukuliwa jeshini. Baba aliweka penseli chini, akasema huo atautia alama Twiga akirudi.

Zilikuja barua tatu, kisha kimya. Kila mwezi Mama huanika koti la Twiga lisishike ukungu.

Juzi mchapaji alituma ujumbe kwamba leo saa nne anafuata masanduku. Nilimwambia Baba tuiache kadi hiyo moja, nani ataitafuta? Asubuhi nilimkuta mezani, kadi mbele yake, akaniomba nimsomee mstari ule.

"Si lazima, Baba."

"Soma, mwanangu."

Nilisoma. Kwenye "wana wenu" nilikatiza, nikaanza upya. Kupitia dirishani nilimwona Mama uani, akilikung'uta koti. Baba alisubiri nimalize, akaweka alama ndogo, safi, kama anasahihisha daftari la mtoto. Kisha akapuliza unga wa penseli.

"Mama yako usimwambie."

Niliirudisha kadi sandukuni. Huko nje Mama akaniita: koti la Twiga limelegea kifungo, na yeye macho yake siku hizi hayaoni tundu la sindano.

Nikachukua uzi, nikaenda kukikaza.