Kofia ya Mara Tatu Kamili

Katika chuo cha Kurani cha Ampisikina, mjini Mahajanga, Jumatatu ilikuwa siku ya hesabu. Fundi Abdourahamane, maana fundi ndilo jina la mwalimu kwa Wakomoro wa huko, aliwaamuru watoto walete vyombo vya mviringo. Yakaja masinia, vifuniko vya sufuria na tari moja. Kila mtoto akazungusha uzi ukingoni, akaukata, kisha akaupima kwa upana wa chombo chake.

"Umeingia mara ngapi?"

"Tatu!" wakaitikia wote, kwani jibu Fundi alikwisha kulitaja mwenyewe.

"Tatu na kidogo," akasema Faouzia, uzi uliosalia ukining'inia kidoleni mwake.

"Hicho kidogo ni ulegevu wa mkono. Na mwenye mkono mlegevu, ulimi wake nao hulegea. Kasida ya Maulidi atasoma mwingine."

Faouzia akauma mdomo. Kasida ile alikuwa akiikariri tangu Ramadhani, hata mbuzi wa jirani walikaribia kuihifadhi.

Nyumbani, bibi yake Koulsoum alikuwa akishona kofia ya Fundi huyo huyo, aliyetaka kung'ara Maulidini. Duara la juu lilikuwa tayari, na ukanda mrefu wa pembeni umekwisha kudariziwa.

"Kata ukanda, uushikize kwenye duara kwa bandi, umpelekee ajaribu," akamwambia kwa Kikomoro. "Macho yangu yamechoka."

"Ndiyo, Koko," akajibu mjukuu, kwa adabu iliyopita kiasi.

Kesho yake Fundi akaivaa kofia mbele ya darasa, akageuka ili wamtazame. Kisogoni palikuwa na mwanya wa kidole kinene, na mvi zinachungulia.

"Fundi," akasema Mbaé, "kofia yako inacheka!"

"Nani kaukata ukanda huu?"

"Mimi, Fundi," akasema Faouzia. "Mara tatu kamili ya upana, kama ulivyotufundisha. Ulegevu sikuutia hata chembe."

Fundi akatwaa uzi. Akaipima kofia, akapima sinia, akapima tari. Kila mara kikabaki kijimkia.

"Subhanallah," akanong'ona. "Na hicho kidogo kiko wapi?"

Faouzia akatoa mfukoni kipande cha ukanda kilichosalia, kimekunjwa vizuri. "Nilikutunzia, Fundi. Nacho bei yake ni kasida yangu."

Siku ya Maulidi Faouzia alisoma, na Fundi akaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Kofia ilikuwa imefunga barabara, kipande kile kimeshonewa penye mwanya. Ila kila alipoinamisha kichwa, watoto wa nyuma walikiona kile kiraka, wakanong'onezana: "Na kidogo."