Posa ya Nukunonu

Mjomba Fidèle alitangaza kwamba tutavuka asubuhi, tutapeleka posa, na jua halitazama kabla hatujarudi. Alikuwa ameketi mezani kwetu, Mount Druitt, hapa Sydney, akiongea kama mtu anayekwenda mtaa wa Liverpool kununua samaki. Kwake yeye kisiwa ni Idjwi, kule kwetu Kongo: unapanda mashua Bukavu, unamaliza shughuli zako, jioni uko kwako.

Kaka yangu Wilondja alinitazama kwa macho ya kuomba msaada. Anataka kumwoa Malia, muuguzi wa nyumba ya wazee ambako wote wawili wanafanya kazi. Baba yake Malia anaishi Nukunonu, kisiwa kimoja cha Tokelau, na mwili wake haukubali tena safari. Katika ukoo wetu, wapeleka posa hawalali kwa wakwe. Wakilala, posa imekufa. Na bila baraka ya mjomba hakuna harusi.

Mimi nasoma shule ya bweni, kwa hiyo kila likizo nahesabiwa kuwa mtaalamu wa mambo yote. Nilisimama, nikafunga kifungo cha juu cha shati, nikapanga maharage matatu juu ya kitambaa cha meza.

"Waheshimiwa," nikasema, "hii ndiyo Tokelau. Visiwa vitatu, Nukunonu katikati, chini ya utawala wa New Zealand. Kiwanja cha ndege hakuna. Tutaruka hadi Apia, kule Samoa, tuombe kibali, tungoje meli. Meli inakwenda zaidi ya siku nzima. Mlima pia hakuna. Mahali pa juu kabisa, mjomba, ni wewe ukisimama."

"Ange," mama yetu, Mama Chibalonza, akanionya.

"Bandari nayo hakuna. Meli inabaki nje ya mwamba wa matumbawe, watu wanashushwa kwa mashua ndogo. Mjomba atashushwa na suti yake."

Nilingoja kicheko. Hakikuja. Wilondja alikuwa ameinamisha kichwa, na hapo nikaona kwamba maharage yangu yanamvunjia harusi.

Mjomba akachukua kifuniko cha chupa ya soda, akakiweka kando ya harage la katikati.

"Hiyo meli, mizigo ikishushwa, inaweza kulala pale nje?"

"Mara nyingine inalala."

"Ina vitanda?"

"Ina vitanda, mjomba."

"Basi tutashuka mchana, tutaposa, jioni tutarudi melini. Aliyelala melini hajalala kwa wakwe."

"Na ikiondoka alfajiri?" Mama akauliza.

"Itatukuta ndani."

Wilondja akainua kichwa. "Mjomba, kweli utakwenda mbali hivyo?"

"Kwani mkwe anafuatwa kwa sababu yuko karibu?"

Nilianza kukusanya maharage yangu taratibu.

"Yaache," mjomba akasema. "Wewe ndiye unayeijua njia. Utabeba vitenge vya zawadi kwa mama yake Malia, kichwani, ndani ya hiyo mashua ndogo."

Niliuliza kwa heshima kama mtaalamu hawezi kutoa ushauri wake akiwa Sydney.

"Tena uvae suti," Mama akasema.

Wilondja alikwisha kwenda uani na simu sikioni, akimuuliza Malia meli ijayo inaondoka Apia lini.