Baiskeli kwa Kipimo cha Bwana

Katika idara ya kufulia ya hospitali ile, king'ora kikishalia, mchelewaji hagusi pasi. Hupelekwa shimoni, yanakolowekwa mashuka ya damu na matapishi, na harufu humfuata hadi kitandani kwake.

"Dada, mkono wako dhahabu, lakini miguu ya kobe," msimamizi alimwambia mpiga pasi wa meza ya dirishani. "Chelewa tena, meza nampa mwingine. Na shimoni utahamia, si kutembelea."

Nyumbani kwa mpiga pasi huyo mbali, na akiba anayo. Akaamua kununua baiskeli. Mama Mapacha wa meza ya pili, aliyekuja kazini kwa baiskeli kila siku bila kukunja sketi, akampa somo.

"Usinunue kwa macho, shoga. Baiskeli ni kama kiatu, huwezi kuinunua kwa mguu wa jirani. Chukua uzi, jipime kutoka kinenani hadi kisiginoni. Tafuta yenye bomba la juu lililoinama, sketi ipite. Kava ya mnyororo, usije na grisi kwenye sare. Madigadi, breki zinazoshika. Mengine mapambo."

Akajipima, akauviringisha uzi, akautia pochini. Kisha akakosea: alimwambia mumewe. Kwao, kitu chenye magurudumu hakinunuliwi na mke peke yake. Watu watasema nyumba haina mwenyewe.

Mumewe alikuwa fundi redio mwenye vumbi jingi kuliko redio. Mtaani walimwita Bosi, naye hakuwahi kujiuliza kama wanamsifu au wanamcheka.

"Nani atapanda?" muuza baiskeli aliuliza.

"Mimi," akasema mke.

"Sisi," akasema mume.

Muuzaji akawatazama wote wawili, kisha akaihudumia suruali.

Mke alikwishaiona yake: ya kijani, bomba limeinama, kava imefunika mnyororo wote. Akaikalia. Miguu yote miwili ikagusa sakafu.

"Hii."

"Hiyo?" Bosi akacheka. "Hiyo ya kufuatia nyanya sokoni! Baiskeli ni ile pale." Akaonyesha nyeusi, ndefu, bomba lake la juu limenyooka kama rula.

"Na sketi yangu?"

"Utavaa suruali."

"Sare ni sketi, baba watoto. Unaifahamu, unaiona kila siku kambani."

"Utazoea. Kitu cha nyumba kila mtu akitumie. Ukiugua, je, ikae tu ukutani kama picha?"

Akautoa uzi. "Mama Mapacha kasema mtu hupimwa..."

"Tumekuja kununua baiskeli au kushona suruali?"

Muuzaji akacheka, akamalizia kwa kikohozi. "Shemeji, mtu huzoea," alisema. Lakini macho yake yalishuka hadi kwenye visigino vya yule mke, yakapanda darini, yakabaki huko. Alijua.

Mke angeweza kukataa. Pochi ilikuwa kwapani mwake. Lakini mlangoni pamejaa watu, naye alifundishwa tangu utotoni kwamba mume havuliwi nguo hadharani. Akafungua pochi, akahesabu noti za ile nyeusi.

"Haya, kengele uchague wewe," Bosi akasema, kwa ukarimu wa mtu anayegawa cha mwenziwe.

Akachagua ya shaba, yenye sauti nyembamba, tamu.

Jumatatu alipanda kwa kunyata, vidole vya miguu vikipapasa pedeli kama kipofu anayetafuta mlango. Kwenye kona ya kwanza ilibidi asimame. Mguu ukatafuta ardhi, haukuiona, sketi ikanasa, akaanguka nayo. Njia iliyobaki aliikokota baiskeli kama mbuzi aliyegoma. King'ora kilimkuta nje ya geti.

Msimamizi akalitazama goti lililochubuka. "Umeletwa na baiskeli, au wewe ndiye umeileta?" Wasichana wakacheka. Jioni, aproni ya mtu mwingine ilining'inia kwenye meza ya dirishani.

"Si nilikwambia hujui kuendesha?" Bosi alisema. "Niachie kidogo, nikuzoezee."

Akaizoeza baiskeli kama farasi. Aliizoezea kwenye drafti, aliizoezea misibani, aliizoezea kwa kila rafiki aliyekuwa bado hajaiona. Ufunguo wa kufuli ukahamia mfukoni mwake, na mtaani wakaanza kumwita Bosi kwa sauti ya juu zaidi.

Asubuhi moja mke alikuwa akienda kazini kwa miguu, njia nyembamba, matope huku na huku. Nyuma yake ikalia kengele. Hakuhitaji kugeuka. Waliokuwa mbele yake wakaruka matopeni kupisha. Yeye akaendelea katikati ya njia.

Kengele ikalia tena. Ikalia kwa hasira. Breki zikapiga kelele, na mguu mrefu wa mumewe ukatua chini bila taabu yoyote.

"Kumbe wewe! Husikii?"

"Nasikia," akasema, bila kusimama. "Ina sauti nzuri. Niliichagua mwenyewe."

Mbele king'ora kikalia. Hakukimbia. Shimoni hakuna anayegombea nafasi yako.