Jeneza Lililopitia Uzunguni

Haya, fikirini: ana miguu minne lakini hubebwa, na anayempanda harudi kusimulia safari. Nani huyo? Jeneza, ndiyo. Basi sikilizeni la msikiti wetu wa Kariakoo, mwaka wa hamsini na nne.

Zahoro, mpishi wa Inspekta mmoja Mzungu, aliokotwa Mnazi Mmoja amekufa, kichwa kimepasuka. Jana yake alimwambia mkewe, Waridi, kwamba bwana kafura, supu ilizidi chumvi. Inspekta akamkamata Mgeni, mdogo wake Waridi, kwa kuwa alimfunga Zahoro bao na kumcheka mbele za watu. Upelelezi akampa Mrisho, askari kanzu, polisi asiyevaa sare.

Baada ya sala ya alasiri wakatoka kuzika. Wanawake wakabaki nyumbani, ndiyo ada. Wanaume wakapokezana mabega, Mrisho kashika mbele. Penye njia ya makaburini jeneza likakata kona, likavuka Mnazi Mmoja, likashika Uzunguni.

"Taratibu, Zahoro," alisema mzee mmoja. "Wengine tuna pumu."

Likasimama getini kwa Inspekta. Alikuwa akinywa chai. Akauliza kama wana kibali cha maandamano. Hawakuwa nacho. Jeneza likageuka lenyewe, wakawahi kuzika kabla ya magharibi.

Mahakamani, kwenye kesi ya Mgeni, wazee wakaieleza safari ile. Hakimu akamgeukia Mrisho. "Ulilisukuma, au lilikuvuta?"

Inspekta alikuwa amekaa pale pale. Mrisho akatazama viatu vyake, vya serikali. Hakimu alingoja, kisha akaenda kula. Mgeni akafungwa maisha.

Tangu hapo jeneza lile, alazwe yeyote, hupitia kwanza kwa Inspekta. Watu wakazoea, wakawa wanatoka mapema. Inspekta alipandishwa cheo. Siku za msiba hufunga mbwa wake.

Waridi naye, kila akikutana na Mrisho sokoni: "Shemeji, ulilisukuma au lilikuvuta?"

"Nyanya zimepanda, shemeji."

"Sikukuuliza nyanya."

Mwaka wa pili mama yake Mrisho akafariki. Uzunguni hakupata kufika maisha yake yote. Siku hiyo alifika. Jioni Waridi akaja matangani, akampa Mrisho mkono wa pole, na mkono hakuuachia.

"Mama kapita getini?"

"Kapita."

"Mlimsukuma?"

Mrisho akatazama chini kutafuta viatu vyake. Alikuwa peku.

"Lilinivuta, Waridi. Na siku ile pia."