Mwalimu Asiye na Harufu

Kila asubuhi saa kumi na mbili, nyuma ya maghala ya mahindi pale Kibondo, Winifrida alikoroga uji wa dona na dagaa katika sufuria nyeusi, akaupepea kwa mfuniko mpaka upoe, kisha akampa mbwa. Mbwa huyo alikuwa jike wa mwaka mmoja na nusu, na kwa rangi yake aliitwa Karoti. Kampuni ya ulinzi iliyomwajiri Winifrida ilikuwa imemkabidhi mbwa, kamba, filimbi na karatasi ya kusaini. Namna ya kumfundisha haikuwamo.

Mkufunzi wa kampuni, Godson, alikuja kutoka makao makuu kwa siku mbili. Siku ya kwanza aliwaonyesha walinzi jinsi ya kushika fimbo. Siku ya pili aliitumia. Karoti alijikojolea, na Godson akaandika kwenye fomu kwamba mbwa ameelewa. Alipokwisha kuondoka, Winifrida alimpigia simu mara nne kumwuliza mbwa anafundishwaje kufuata harufu ya mtu aliyepotea, maana kampuni ilikuwa imewaahidi wateja kwamba mbwa wake wanaweza. Godson alijibu mara moja, kwa ujumbe: "Atajua mwenyewe."

Winifrida alikuwa na miaka thelathini na moja. Kwao ni Buhigwe. Kibondo alipanga chumba kimoja nyuma ya soko, na tangu akabidhiwe mbwa hakuna jirani aliyebisha hodi hata kuomba chumvi. Kanisani walimwachia benchi zima. Hawakuwa na ubaya naye. Walisema ananuka mbwa, na ilikuwa kweli. Kuna wiki alizofika Jumamosi akagundua kwamba tangu Jumatatu hajazungumza na mtu zaidi ya salamu.

Aliyemwelekeza kwa Nduwayezu ni Saidi, dereva wa pikapu ya kampuni. Saidi alimweleza kwamba katika kijiji kimoja nje ya Kasulu yupo mzee aliyetunza mbwa wa askari wa wanyamapori kwa miaka kumi na tisa, kama kibarua, na kwamba mbwa wa mikono yake walikuwa wakifuata nyayo za siku mbili. Alimtahadharisha jambo moja tu, kwamba mzee huyo hana harufu. Winifrida alimwuliza anaondoka lini kwenda Kasulu. Saidi akasema Alhamisi.

Nduwayezu alikuwa uani akirina asali kwenye mzinga wa gogo. Hakuwasha moto wala kuvaa chochote usoni. Nyuki walitembea mikononi mwake kama wanavyotembea juu ya ubao, kwa kuwa hawakujua kama kuna mtu. Karoti alimbwekea kuku, akambwekea Saidi, akapita mbele ya mzee bila kugeuza pua. Mzee alimtazama mbwa kwanza, kisha mwenye mbwa.

"Amahoro," alisalimu kwa Kirundi. "Nani alimpiga huyu?"

Winifrida alimweleza habari za Godson. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akafuta asali vidoleni kwa jani la mgomba, akasema mbwa anaweza kusahau fimbo ndani ya miezi mitatu, mwenye mbwa huchukua zaidi. Alimwambia aje kila Alhamisi. Hakutaka malipo. Alitaka aletewe sabuni, si kwa ajili yake, kwa ajili ya mbwa.

Habari yake aliisimulia kidogo kidogo, wakiwa kazini. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka 1972, mama yake akiwa na mimba yake ya miezi minane, kwa hiyo yeye alizaliwa upande huu. Alikuwa ameomba uraia mara tatu, na mara tatu aliambiwa asubiri. Baada ya ombi la kwanza ilimpotea harufu ya kwapa. Alidhani ni uzee. Baada ya la pili ikapotea ya miguu, na mbu wakaacha kumwuma. Baada ya la tatu mkewe, Ininahazwe, aliokota shati ambalo mumewe alishinda nalo wiki nzima akalinusa, akalirudisha kabatini bila kulifua. Zahanati Nduwayezu alipokelewa na muuguzi mmoja aliyetoka Tanga, Rabia, ambaye alimpima joto na shinikizo la damu, akamnusa shingoni, akaandika kwenye daftari: hana malalamiko. Mwaka uliofuata Ininahazwe alijiandikisha na waliokuwa wakirejea Burundi. Hawakugombana. Alisema amechoka kuamka akipapasa kitanda ajue kama amelala peke yake.

Kwa kazi ile, mtu asiye na harufu alikuwa mwalimu asiye na mfano. Mkufunzi wa kawaida akitembea karibu na nyayo huzichafua, mbwa akachanganyikiwa asijue amfuate nani. Nduwayezu aliweza kutembea juu ya nyayo zenyewe, hatua moja mbele ya pua ya Karoti, akimwonyesha Winifrida mahali upepo ulipoisukuma harufu mpaka kwenye majani, na mahali jua lilipoikausha. Walianza na mita kumi: Winifrida anajificha nyuma ya mhogo, Karoti anamtafuta, akimpata anapewa kipande cha samaki mkavu. Kisha mita hamsini. Kisha mtu mgeni, kwa kitambaa chake tu. Kisha nyayo za jana.

Sehemu kubwa ya masomo haikuwa ya mbwa. Winifrida alikuwa anaongea mno mbwa akiwa kazini, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kuongea naye, na mzee alimwambia hivyo bila kuficha. Alimfundisha kunyamaza. Alimfundisha kutazama mkia na masikio, na kusikia pumzi inavyobadilika mbwa anapopoteza njia. Kila alipoivuta kamba, mzee alimgusa kiwiko.

"Buhoro, polepole, mwanangu. Kamba ni ya kusikilizia, si ya kuvutia."

Miezi saba ilipita hivyo. Winifrida alizoea kula ugali na mtu aliyemjua kwa sauti na kwa macho tu. Akirudi Kibondo alinusa kanga yake, akakuta harufu ya moshi, ya mbwa na ya asali. Ya mzee haikuwapo, na siku za mwanzo baada ya kila Alhamisi alihisi kama alikuwa amekwenda mahali pasipo na mtu.

Mwezi Machi, mvua zikiwa zimechanganya, bibi mmoja wa Gwarama aitwaye Mpawenimana alitoka kuchimba mihogo asirudi. Alikuwa na miaka themanini na alishaanza kusahau majina ya wanawe. Wanakijiji walitafuta siku nzima. Kampuni ikampigia Winifrida, ikamwambia mbwa wake ahudhurie.

Winifrida alimpigia Nduwayezu. Nyayo zilikuwa za tangu jana, mvua ilikuwa imenyesha mara mbili, naye hakuwahi kufanya kazi bila mzee. Mzee alisema Gwarama ni wilaya nyingine na yeye hana kibali cha kutoka Kasulu. Winifrida alipiga tena. Mzee alisema huko kuna watu wakubwa, ataulizwa. Akapiga mara ya tatu.

"Tutakuwa porini, Mwalimu," alisema. "Nani atauliza porini?"

Kisha mzee aliuliza Saidi anapita saa ngapi.

Walianzia shambani kwa bibi, kesho yake saa nne asubuhi, na kitenge chake cha kulalia. Karoti alishika njia mpaka kwenye kijito, akaipoteza. Alizunguka, pumzi ikawa fupi, akamtazama Winifrida. Mkono wa Winifrida ulitaka kuvuta. Nduwayezu alikuwa amesimama katikati ya maji, akitazama mkia wa mbwa, na Winifrida akailegeza kamba. Karoti alipanda na kijito hatua mia mbili, akavuka, akapita kwenye matete, akaenda moja kwa moja hadi kwenye tanuru la matofali lililoachwa. Bibi Mpawenimana alikuwa ndani, amejikunja kwenye tundu la kuchochea kuni, anatetemeka, hai. Aliuliza kama mihogo imeshapikwa.

Winifrida alikaa chini kwenye tope akamkumbatia mbwa. Alilia kidogo. Nduwayezu alivua koti lake akamfunika bibi, akasema kazi ni safi.

Jioni, kijijini, walikuwapo watu wengi. Godson alikuwa amefika kutoka makao makuu, akapigwa picha ameshika kamba. Ofisa mmoja aliyekuwa akiandika taarifa aliwauliza waliohusika majina yao, kwa nia njema, ili washukuriwe. Nduwayezu alitaja lake. Aliombwa kitambulisho. Alitoa mfukoni stakabadhi ya ombi la tatu, aliyoihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni wa chumvi. Ofisa aliisoma pande zote mbili, akamrudishia kwa mikono miwili, kwa heshima, akamwambia kwamba mtu wa stakabadhi hii hatakiwi kuwa Gwarama, na kwa usalama wake atapelekwa Nyarugusu, kwenye kambi ya wakimbizi, huku faili likifuatiliwa. Gari lilikuwa tayari.

Winifrida alimweleza ofisa kwamba ni yeye aliyemwita. Ofisa alisema anamwelewa. Aliandika na hilo.

Mzee alipanda nyuma ya gari. Alimwomba Winifrida amwangalizie nyuki. Winifrida alitaka kuomba radhi, lakini alikuwa amefundishwa kunyamaza kwenye kazi ngumu, na hapo alinyamaza mahali pasipotakiwa. Gari likaondoka.

Taarifa yake kwa kampuni Winifrida aliiandika kwa kalamu, kurasa mbili, akaeleza nani alimfundisha. Ilirudi imekatwa mistari minne kwa wino mwekundu. Pembeni paliandikwa kwamba asiye na kibali cha kazi hawezi kuwa amefanya kazi. Ilifuatwa na cheti chenye saini ya Godson, na barua ya kumpandisha Winifrida cheo kuwa mkufunzi wa kanda.

Ruhusa ya kuingia kambini ilichukua wiki tisa, nayo ilikuwa ya siku moja, mwisho saa kumi jioni. Winifrida alikwenda na Karoti akiwa amevaa mkanda wa kazi, kwa sababu ruhusa ilisema mbwa ataingia kwa ajili ya kazi tu. Nyarugusu ni kubwa kuliko Kasulu mjini. Hakukuwa na kitambaa ambacho angeweza kumnusisha mbwa; koti lililomfunika Bibi Mpawenimana lilinuka Bibi Mpawenimana. Kwa hiyo aliuliza, mtaa kwa mtaa, kuanzia saa tatu. Mama mmoja Mkongomani aliyeuza lengalenga, mchicha wa kwao, Jeanne, ndiye aliyejua.

"Ule papa mwenye hana arufu?" alisema. "Eko pale nyuma ya robine, anasuka mizinga."

Nyuma ya bomba la maji Nduwayezu alikuwa amekaa juu ya dumu, amepungua mwili, kamba za magome mapajani. Winifrida alimwona kutoka mbali. Karoti, pua chini, alifika mpaka miguuni pake, akaipita, akaendelea na harufu ya watoto waliokuwa wakichota maji.

"Nisamehe, Mwalimu," Winifrida alisema. "Hajakutambua."

"Yuko kazini," mzee alisema. Alimfuata mbwa kwa macho, mkia, masikio, mpaka akaridhika. "Kafanya sawa. Hapa hakuna kitu alichokiruka."

Winifrida alimvua Karoti mkanda. Mzee alimwita kwa jina, na mbwa akaijua sauti, akaja akalaza kidevu kwenye kiatu chake. Waliongea habari za nyuki. Winifrida alimwambia kuhusu wanafunzi wake wanne, wawili kati yao huvuta kamba. Alisema aliuliza habari za faili, akaambiwa lipo. Kisha alisema lile aliloshindwa kulisema Gwarama, na mzee akamjibu kwamba bibi alikuwa hai, na kwamba hata yeye asingelala kama angekataa. Hakusema kama analala. Saa tisa na nusu alimkumbusha muda.

Langoni askari alifungua daftari la wageni. Aliuliza asubuhi waliingia wangapi.

"Mimi na mbwa," Winifrida alisema.

Akauliza wanatoka wangapi.

"Mimi na mbwa."

Askari alilinganisha, akaona hesabu iko sawa, akapiga mhuri.