Mche wa Nyanya Kwenye Kiroba

Mke wa mwanangu anapika mavi. Ndivyo nilivyokuwa nawaambia majirani, niwahi kucheka kabla hawajanicheka. Nyumbani kwake nilikuwa nakwenda, lakini kila akipakua chakula, mimi najidai nimeshiba.

Siku mnunuzi wake wa kwanza alipokuja, nikajitia kumsindikiza mkwe wangu kazini. Tope la vyoo vya mji mzima hukaushwa pale, likachanganywa na maranda ya mbao, likarundikwa chini ya turubai mpaka lichemke lenyewe liwe mbolea. Nilijiandaa kuziba pua. Nikaishia kunusa udongo tu. Mnunuzi, mwenye kitalu cha miche, alitumbukiza mkono kwenye kiroba kimoja cha mbolea, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Asingenunua yeye, banda lile la mbolea lingefungwa, tope lirudi kumwagwa shimoni. Mkwe wangu alilijua hilo, hata chai ya asubuhi ilimshinda.

Nami na kiherehere changu nikaona mche wa nyanya umechomoza kwenye kiroba.

"Tazameni rutuba!" nikapaza sauti. "Umeota bila kupandwa!"

Mkwe wangu akaung'oa, uso ukamsawijika.

"Samahani mzee, leo siuzi."

"Huuzi? Na gari nimeshaleta?"

"Mbegu hii imepita tumboni mwa mtu. Rundo lingepata moto sawasawa, ingekufa. Ikiwa yenyewe imepona, na mayai ya minyoo yamepona. Hii haiendi kwenye mboga za watu."

Mwenye kitalu akaondoka amenuna. Mimi nilitamani kumzaba mtu kofi.

"Mche mmoja tu, mwanangu! Si ungeutupa ukanyamaza?"

"Viroba vyote vimetoka rundo hilohilo, mama."

Akachukua kisu, akavipasua kimoja kimoja, akaanza kurundika upya, mbolea ya pembeni akiisukuma katikati ipate joto kali. Machozi yanamtoka, beleshi halisimami. Nilimtazama, hasira zikaniisha zote. Sijawahi kumwonea mtu fahari kama siku ile. Nikajifunga kitambaa kiunoni, nikashika beleshi la pili.

Rundo lilichemka mpaka mvuke ukapenya turubai. Tulipojaza viroba upya, kimoja tulikimwagilia maji makusudi tuone kama kitaota mche, hakikuota kitu. Mwenye kitalu alipopigiwa simu alikuja, na safari hii hakutumbukiza mkono. Alisema tu, "Pakieni."

Jioni ya siku hiyo mkwe wangu akaandaa meza. Sahani zilikuwa mbili, yake na ya mwanangu, kama alivyozoea.

"Na mimi je," nikamuuliza, "nilale njaa?"